Walioikataa Katiba ya Ulaya

Kila nikikaa na watu wanaofuatilia siasa za Ulaya, ikatajwa ile Katiba ya Umoja wa Ulaya iliyokataliwa na wapiga kura wa Ufaransa na Uholanzi mwaka 2005, hakosi mmoja wa kusema: "Wale hata ukurasa mmoja hawakuusoma. Walikuwa wamezikasirikia serikali zao tu." Anasema kwa uhakika, utadhani alisimama kituoni akimhoji kila mpiga kura. Mwaka ule mimi nilikuwa Uholanzi, mwanafunzi nisiye na kura, na ninao jamaa waliokuwa Ufaransa wakiwa na kura zao. Niliyoyaona na kuyasikia hayafanani na hadithi hiyo. Waliosoma walikuwapo, tena si haba, na baadhi yao ndio waliokataa kwa nguvu zaidi. Hata waliokasirika walikuwa na sababu zinazoeleweka. "Hapana" ile ilikuwa na udhaifu wake, tena mkubwa, lakini si huo wa kutosoma.

Tukumbushane ilivyoanza. Desemba 2001 wakuu wa nchi za Umoja wa Ulaya walikutana Laeken, Ubelgiji, wakakiri jambo ambalo viongozi hulikiri kwa nadra: kwamba chombo chao kimekuwa mbali na wananchi. Nchi kumi mpya zilikuwa mlangoni, nyingi zikitoka Ulaya ya Mashariki, na mikataba ilikuwa imerundikana mmoja juu ya mwingine tangu ule wa Roma wa 1957. Likaundwa baraza la wajumbe 105 la kuandika rasimu ya Katiba, wengi wao wabunge, wengine wawakilishi wa serikali, wakakabidhiwa kwa Valéry Giscard d'Estaing, rais wa zamani wa Ufaransa, mzee wa miaka 76. Walianza kazi Februari 2002, wakamaliza Julai 2003.

Hapo serikali zikaichukua rasimu na kuanza kuvutana. Hispania na Poland hazikutaka kupunguziwa uzito wa kura zao. Vatikani na nchi kadhaa zenye Wakatoliki wengi zilitaka Ukristo utajwe kwenye utangulizi. Ufaransa ikakataa katakata. Mwishowe utangulizi ukataja urithi wa Ulaya wa kiutamaduni, kidini na kiutu, maneno yaliyopimwa yasimuudhi wala kumfurahisha mtu sana. Tarehe 29 Oktoba 2004 viongozi wa nchi 25 walitia saini Roma, kwenye ukumbi uleule uliotumika mwaka 1957. Ibara zilikuwa 448, ukiacha itifaki na viambatisho.

Mengi yaliyokuwamo yalikuwa ya maana, na sioni haya kusema hivyo. Baraza la Ulaya, yaani kikao cha wakuu wa nchi wanachama, lingepata rais wa kukaa miaka miwili na nusu, badala ya nchi kupokezana kiti kila miezi sita. Angekuwapo waziri wa mambo ya nje wa Umoja mzima. Maamuzi mengi yangepita yakiungwa mkono na asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu. Raia milioni moja wakitia saini wangeweza kuitaka Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, ipeleke pendekezo la sheria. Haki za msingi zilipewa sehemu nzima, Sehemu ya Pili. Na kulikuwa na ibara ya 60 ya Sehemu ya Kwanza, inayosema nchi mwanachama inaweza kujitoa. Wapinzani wengi walikuwa wakihubiri kwamba Katiba ile ni gereza. Kumbe hakuna mkataba wa Umoja uliokuwa umewahi kuandika utaratibu wa nchi kuondoka kabla ya huo, na ni utaratibu huohuo, ukiwa umehamishiwa mkataba mwingine, ambao Uingereza iliutumia mwaka 2017.

Ugomvi ulikuwa kwenye Sehemu ya Tatu. Humo mna ibara zaidi ya 300: ushindani wa biashara, uhuru wa mitaji kuvuka mipaka, kazi za benki kuu, ruzuku za serikali kwa viwanda, kilimo, uvuvi. Watetezi walisema, mbona haya ni yaleyale ya mikataba ya zamani, yanatumika tayari, mnakataa nini? Wapinzani wa mrengo wa kushoto wakajibu kwamba hapo ndipo penyewe. Katiba hupanga ukubwa wa uwanja na idadi ya wachezaji. Hii ilikuwa inaandika na mabao ya kufungwa. Ukishaingiza sera ya uchumi kwenye katiba, halafu ukasema haibadiliki mpaka nchi zote 25 zikubaliane, umemwambia mpiga kura wa kesho kwamba chama chochote atakachokichagua, sera ya uchumi ni ile ile. Hoja hii sijasikia ikijibiwa vizuri mpaka leo. Watetezi walikuwa wakiipita kando, wanarudi kwenye amani na vita vilivyokwisha 1945.

Wakati huohuo, aliyeikataa Sehemu ya Tatu hakuifuta. Mikataba ya zamani ingeendelea kutumika na vipengele vyake vyote. Mtu alikuwa anakataa Sehemu ya Kwanza na ya Pili, zilizokuwa mpya, ili kuilaani ya Tatu, ambayo ingebaki. Mimi ningekuwa na kura, ningeziunga mkono mbili za mwanzo na kuikataa hiyo ya mwisho. Karatasi haikuwa na nafasi ya namna hiyo.

Ufaransa haikulazimika kuwauliza wananchi. Rais Jacques Chirac aliamua mwenyewe, akatangaza sikukuu ya Julai 14, 2004, miezi michache baada ya Tony Blair kuwaahidi Waingereza kura ya maoni. Inasemekana alitazamia pia kuwagawa wapinzani wake wa chama cha Kisoshalisti, na hapo alifanikiwa kupita kiasi. Wasoshalisti walipigiana kura wenyewe Desemba 2004: kama asilimia 59 wakasema Ndiyo. Laurent Fabius, aliyewahi kuwa waziri mkuu, akaendelea na Hapana yake kana kwamba kura ile haikupigwa.

Mpaka majira ya baridi Ndiyo ilikuwa mbele kwa mbali kwenye kura za maoni za magazeti. Katikati ya Machi 2005 mambo yakageuka. Kulikuwa na rasimu ya sheria ya Tume kuhusu biashara ya huduma, maarufu kwa jina la Frits Bolkestein, Mholanzi aliyekuwa kamishna wa soko la ndani. Ilitaka mtoa huduma anayevuka mpaka afuate sheria za nchi alikotoka. Yaani kampuni ya Warsaw ije Paris na kanuni zake za Warsaw. Rasimu hiyo haikuwa sehemu ya Katiba, lakini ungemweleza nani akuelewe? Philippe de Villiers, mwanasiasa wa mrengo wa kulia, akamtoa jukwaani fundi bomba kutoka Poland, anayekuja kula riziki ya Mfaransa kwa bei ya chee. Fundi yule hakuwahi kuwa na jina wala anwani, ila kila mtu alimjua. Bolkestein, badala ya kunyamaza, akasema yeye angefurahi kumpata fundi bomba wa Kipolandi kwa sababu ana nyumba kaskazini mwa Ufaransa na mafundi hawapatikani. Siku chache baadaye wafanyakazi wa umeme wakaikatia nyumba hiyo umeme.

(Baada ya kura, ofisi ya utalii ya Poland ilitoa bango lenye kijana mtanashati ameshika mabomba, anawaambia Wafaransa: mimi nabaki Poland, njoni kwa wingi. Katika sarakasi nzima ya mwaka ule, hao ndio waliocheza vizuri kuliko wote.)

Chirac alijaribu kuokoa jahazi Aprili 14. Akakaribisha vijana zaidi ya 80 ikulu, mbele ya kamera, awaeleze Katiba. Vijana wakamuuliza kuhusu ajira, kuhusu viwanda vinavyohamia mashariki, kuhusu mishahara. Yeye anajibu kuhusu nafasi ya Ulaya duniani. Ikafika mahali akakiri kwamba hofu yao haielewi na inamsikitisha. Niliitazama sehemu ya mazungumzo yale nikiwa na Mfaransa mmoja tuliyesoma naye, mtoto wa mwalimu, mtu wa Ndiyo tangu kuzaliwa. Akazima televisheni. "Basi," akasema, "tumekwisha."

Upande wa baba yangu tuna asili ya Ngazija. Shangazi yangu mmoja, mzaliwa wa Unguja, aliolewa na baharia Mngazija wakahamia Marseille, na huko amezeekea akifanya usafi hospitali. Uraia wa Ufaransa anao na kura hakosi. Serikali ilimtumia kila mpiga kura nakala ya Katiba kwa posta, na hapo ndipo simu zetu za Jumapili zilipogeuka darasa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitabu chao ninacho hapa, kizito kama jiwe la chapati."

"Unakisoma?"

"Nasoma. Nikishaswali Isha nasoma kidogo, palipo pagumu mjukuu ananisaidia. 'Soko' nimeliona mpaka nimechoka. 'Hospitali' bado sijafika."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Hospitalini kwao kazi ya usafi ilikuwa inasemwa itapewa kampuni binafsi, na alichokuwa akikitafuta kwenye kile kitabu ni neno lolote la kumwambia kama jambo hilo litakuwa rahisi zaidi au gumu zaidi. Alikuta ibara ya tatu kabisa inayotaja soko ambamo ushindani ni huru na haupotoshwi. Akamuuliza mjukuu, kupotosha ushindani ni kufanya nini? Mjukuu, aliyekuwa chuo, akamjibu kwamba ni kama serikali kuisaidia taasisi yake yenyewe. Jibu hilo wanasheria wangelirekebisha sana, maana zipo nafasi za kulinda huduma za umma. Lakini niambie, mwananchi wa kawaida atazipata wapi nafasi hizo, zimejificha kati ya ibara na itifaki?

Shemeji wa mwanawe alimkabili kwenye karamu ya harusi. Vipi wewe mhamiaji, Mwislamu, upige Hapana pamoja na Jean-Marie Le Pen, mpinzani mkubwa wa wahamiaji? Jibu lake limekuwa msemo katika ukoo wetu: "Le Pen akisema leo Jumapili, mimi niseme Jumatatu?"

Hakuwa peke yake kusoma. Majira yale vitabu vya kuichambua Katiba vilipanda kwenye orodha za vitabu vinavyouzwa sana Ufaransa. Étienne Chouard, mwalimu wa sekondari wa huko huko kusini, ambaye hakuwa mwanasiasa, aliandika uchambuzi akauweka kwenye tovuti yake. Ukasambazwa kwa barua pepe ofisi hadi ofisi mpaka vyombo vikubwa vikalazimika kumtaja. Ikumbukwe ni 2005, watu hawana hizi simu za leo. Magazeti makubwa karibu yote yalikuwa upande wa Ndiyo, redio vilevile, vyama vikubwa vilevile. Mtu akiona wote wenye vipaza sauti wanaimba wimbo mmoja, huanza kujiuliza bendi inalipwa na nani.

Mei 29 majibu yakatoka: Hapana asilimia 54.7, waliojitokeza karibu asilimia 70. Paris ilisema Ndiyo kwa theluthi mbili. Pas-de-Calais, mkoa wa migodi iliyofungwa na viwanda vilivyokufa, ilisema Hapana kwa karibu asilimia 70. Kwa mujibu wa utafiti uliofanyika siku ya kura, wafanyakazi wa viwandani wanane kwa kila kumi walikataa. Na Mayotte, yaani Maore, kisiwa cha Bahari ya Hindi ambacho lugha yake Mswahili akiisikiliza kwa makini anaokota maneno mengi, kilisema Ndiyo kwa wingi mkubwa, ingawa wakati ule kisiwa chenyewe hakikuhesabiwa kuwa sehemu kamili ya Umoja wa Ulaya. Shangazi alipolisikia hilo alisonya tu. Mambo ya Wangazija na Maore tuyaache.

Uholanzi walipiga kura siku tatu baadaye, Juni 1, na habari zao husimuliwa kwa ufupi mno, kana kwamba walimfuata Mfaransa. Si kweli. Walikuwa wameshaamua.

Ilikuwa kura ya maoni ya kwanza ya kitaifa katika historia ya ufalme ule, na waliopeleka muswada wake bungeni ni wabunge watatu wa vyama vilivyoiunga mkono Katiba: Farah Karimi, Niesco Dubbelboer na Boris van der Ham. Waliamini mjadala utawaleta watu karibu na Ulaya. Zaidi ya wabunge wanane kwa kumi walikuwa upande wa Ndiyo, pamoja na vyama vya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Ukihesabu viti, mchezo ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Mimi wakati ule, mwisho wa wiki, nilikuwa nachuma nyanya Westland, kati ya Den Haag na bahari, kwenye vile vitalu nyumba vya vioo vinavyokwenda mpaka macho yanapoishia. Kati ya mistari ya minyanya hupita mabomba mawili ya maji ya moto. Ndiyo yanayopasha joto banda, na ndiyo reli ya toroli lako. Unasukuma, unakata kichala kwa kisu kifupi, unapanga kwenye kreti, unasukuma tena, jasho linakutoka Februari huku nje theluji. Nilioshinda nao humo wengi walikuwa Wapolandi, na kadhaa walikuwa na pasipoti za Ujerumani kwa sababu babu zao walikuwa Wajerumani wa Silesia, eneo la Poland lililowahi kuwa la Ujerumani. Soko la ajira la Uholanzi lilikuwa bado halijafunguliwa wazi kwa Poland. Dada mmoja kutoka Opole alikuwa akisoma habari za yule fundi bomba wakati wa chai, anatingisha kichwa. Bomba lake mwenyewe nyumbani, alisema, linavuja tangu Krismasi. Mafundi wote wamekwenda London.

Msimamizi wetu alikuwa Mholanzi wa makamo, mtu mwema, mchapakazi, asiyependa maneno. Nilimuuliza atapiga nini. Hakutaja Poland wala Uturuki. Alitoa risiti mfukoni, akaniambia kikombe cha kahawa kwenye mgahawa wa mtaani kwake kilikuwa gulden mbili na senti, sarafu yao ya kabla ya euro, sasa ni euro mbili. Na euro moja ni gulden 2.20371, tarakimu zote hizo alizijua kwa kichwa. "Euro hatukuulizwa," akasema. "Nchi kumi hatukuulizwa. Sasa wameuliza. Nitawajibu yote kwa pamoja."

Wachumi walikuwa na takwimu za kuonyesha kwamba mfumuko wa bei kwa jumla haukuwa mkubwa hivyo. Takwimu zile hazikunywa kahawa mgahawani kwake. Tena mwezi Aprili mkurugenzi mmoja wa benki kuu ya Uholanzi akasema hadharani kwamba gulden ilipobadilishwa ilikuwa imethaminishwa chini ya thamani yake ukilinganisha na mark ya Wajerumani. Mafuta hayo, kwenye moto.

Kulikuwa na kidonda kingine ambacho nje ya Uholanzi hakizungumzwi sana. Nchi zenye sarafu ya euro zilikubaliana kwamba nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa. Ufaransa na Ujerumani zikavuka, na Novemba 2003 mawaziri wa fedha wakasitisha hatua za kuziadhibu. Gerrit Zalm, waziri wa fedha wa Uholanzi, alikasirika waziwazi. Waholanzi walikuwa wamekaza mkanda kufuata kanuni ileile, na kwa hesabu ya kila kichwa ndio waliokuwa wakichangia mfuko wa Umoja kuliko wote. Leo unaletewa katiba inayowapa wenye watu wengi uzito zaidi wa kura, na wenye watu wengi ni haohao waliovunja kanuni. Huhitaji kuwa mbaguzi wala mjinga kuliona hilo.

Wabaguzi nao walikuwapo, tusijidanganye. Mwongozaji filamu Theo van Gogh alikuwa ameuawa Novemba 2004 barabarani Amsterdam, nchi nzima ina wasiwasi, na mwezi uliofuata viongozi wa Ulaya wakakubali kuanza mazungumzo ya kuiingiza Uturuki. Geert Wilders, aliyekuwa ametoka tu kwenye chama chake cha zamani, alijenga jina lake juu ya hayo. Kwenye basi la kwenda Westland niliambiwa maneno ambayo sitayaandika hapa na mtu aliyekuwa na kibandiko cha Hapana kwenye begi.

Serikali iliposhtuka kwamba inashindwa, ikaanza kutisha. Waziri wa sheria akagusia vita vya Balkani. Wabunge wa Ulaya wa chama kimoja cha serikali wakatengeneza tangazo la televisheni lenye picha za Auschwitz na Srebrenica, likaondolewa kabla ya kurushwa. Srebrenica! Mji wa Bosnia ambako askari wa Kiholanzi wa Umoja wa Mataifa walishindwa kuwalinda watu mwaka 1995, jambo lililowahi kuiangusha serikali nzima. Sijui nani alikaa mezani akaona hiyo ni njia ya kuombea kura. Chama cha kisoshalisti cha Jan Marijnissen wao walichapisha bango la ramani ya Ulaya ambayo Uholanzi haimo. Ramani tu. Kwa watu wanaoishi chini ya usawa wa bahari, halikuhitaji maelezo.

Hapana asilimia 61.5. Waliojitokeza asilimia 63, wakati uchaguzi wa Bunge la Ulaya mwaka mmoja kabla ulipata 39. Hispania, ambayo husifiwa kwa Ndiyo yake ya Februari ya karibu asilimia 77, ni wapiga kura 42 tu kwa mia waliotoka nyumbani. Ujerumani haikuuliza watu wake. Bunge lilipitisha kwa kura 569 dhidi ya 23.

Nimesema Hapana ilikuwa na udhaifu mkubwa. Asubuhi ya pili, walioshinda hawakuweza kukaa meza moja. Fabius alitaka Umoja wenye nguvu zaidi katika mambo ya jamii. Wakomunisti wa Marie-George Buffet na wafuasi wa Olivier Besancenot, wa kushoto kabisa, walitaka kuachana na uchumi wa soko. De Villiers alitaka mipaka irudi. Le Pen alitaka kutoka kabisa. Huko Uholanzi, Wakalvini wa SGP, chama cha Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, walisikitika kwamba Mungu hayumo, na wasoshalisti hawakuwa na habari naye. Wakati wa kampeni wengi wa kambi hiyo waliahidi kwamba upo mpango wa pili, mkataba utajadiliwa upya. Ulipofika wakati wa kuuonyesha, kila mmoja alitoa wake, na hakuna uliofanana na mwingine.

Mkenya anayesoma hapa tayari anakumbuka Novemba ya mwaka uleule, ndizi alama ya Ndiyo na chungwa alama ya Hapana. Wakenya asilimia 58 waliikataa rasimu ya katiba, na wengi wao walikuwa wanamjibu Rais Kibaki kuliko wanavyoijibu rasimu. Ila kule Hapana ilipata nyumba: chungwa likawa jina la chama, na kufikia 2010 nchi ikapata katiba nyingine kwa kura ya wananchi. Hapana ya Ulaya haikupata nyumba wala kiongozi. Ilibaki idadi tu, na idadi isiyo na wenyewe ni rahisi kuifanyia utakavyo.

Na walifanya. Kwanza wakatangaza kipindi cha kutafakari. Waingereza wakaiweka pembeni kura yao ya maoni na kushusha pumzi. Kisha ukaja Mkataba wa Lisbon, uliosainiwa Desemba 13, 2007. Jina la katiba likaondolewa. Bendera, wimbo na kaulimbiu vikafutwa kwenye maandishi, ingawa bendera yenyewe inapepea hadi leo. Waziri wa mambo ya nje akaitwa Mwakilishi Mkuu. Funika kombe mwanaharamu apite. Giscard mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kuficha, aliandika gazetini kwamba zana ni zilezile, kilichobadilika ni mpangilio wake ndani ya sanduku la fundi.

Niwatendee haki: Nicolas Sarkozy aliwaambia Wafaransa kabla ya uchaguzi wa 2007 kwamba ataleta mkataba mfupi na kuupeleka bungeni, wakamchagua. Wanaolia kwamba waliibiwa husahau kulitaja hilo. Lakini mtu humchagua rais kwa mambo mia, na kura ya maoni huulizwa jambo moja. Februari 2008 wabunge na maseneta walikusanyika Versailles, kwenye kasri la wafalme wa zamani, kurekebisha katiba ya Ufaransa ili mkataba upite. Wapi ungechagua mahali pabaya zaidi? Uholanzi nako serikali ilishauriwa kwamba mkataba mpya hauna sura ya katiba, basi wananchi hawakuulizwa tena. Aliyelazimika kuuliza ni Ireland peke yake, kwa sababu ya hukumu ya mahakama yake ya juu ya mwaka 1987. Wairishi wakakataa Juni 2008 kwa asilimia 53, wakapewa ahadi kuhusu kodi, utoaji mimba, kutoegemea upande wa kijeshi na kiti chao cha kamishna, wakaulizwa tena Oktoba 2009 mabenki yao yakiwa taabani. Wakakubali kwa asilimia 67. Desemba 1, 2009 mkataba ukaanza kutumika.

Shangazi alikuwa ameshastaafu. Kazi ya usafi hospitalini ilikuwa imekwenda kwa kampuni binafsi kabla hata ya Lisbon, kwa uamuzi wa hospitali yenyewe. Si Ulaya iliyoifanya. Nilipomkumbusha, akasema anajua.

Mimi kufikia 2016 nilikuwa nimepata uraia wa Uholanzi, na kulikuwa na sheria mpya iliyowaruhusu wananchi kudai kura ya maoni ya ushauri. Aprili 6 tukaulizwa kuhusu mkataba wa ushirikiano na Ukraine. Nilipiga Ndiyo. Hapana ikashinda kwa asilimia 61, karibu sawasawa na ile ya 2005, ingawa safari hii waliopiga kura walikuwa theluthi moja tu. Waziri Mkuu Mark Rutte akaenda Brussels, akarudi na tamko la nyongeza, na mkataba ukaridhiwa. Yule msimamizi wangu wa Westland, tuliyebaki tukitumiana salamu za mwaka mpya, aliniandikia mstari mmoja: "Umeona?"

Mwaka 2018 Bunge likaifuta sheria yenyewe ya kura ya maoni. Waliopinga wakadai wananchi waulizwe kwanza kama wanataka ifutwe, kwa kuwa sheria hiyo ilikuwa bado haijafa. Serikali ilikuwa imeshaliona hilo mapema. Ndani ya muswada wa kuifuta iliweka kifungu kinachosema kwamba juu ya muswada huo kura ya maoni haiwezi kuitishwa.